Mshenga Bado Yuko Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ko, ko, ko. Vidole vikavu kwenye mlango wa mbao. Niliisikia sauti hiyo nikiwa na miaka mitano, katika banda la video nyuma ya soko la Tunduma, na tangu siku hiyo haijanitoka. Naisikia nikipiga mswaki. Niliisikia katikati ya mtihani wa mwisho wa chuo.

Naandika ili nisisahau nilikoanzia. Filamu iliitwa *Mshenga Amefika*. Ilipigwa Ileje mwaka 2004 kwa kamera moja ya kuazima. Mshenga katumwa kwenda kuposa. Kavaa koti refu na mabuti ya mvua yanayomzidi. Njiani anasalimia kila kitu. Watu, mbuzi, migomba, jembe lililoegemea ukuta. Saa nzima na nusu ni salamu tu! Baba alicheka mpaka akashuka kwenye benchi, taratibu, kama gunia lililotobolewa. Sikumwona tena akicheka vile mpaka alipofariki. Mwishoni mshenga anafika kwa wakwe. Anavuta pumzi. Anabisha mara tatu. Skrini inakuwa nyeusi, maandishi meupe yanatokea: ITAENDELEA.

Haikuendelea. Miaka ishirini na moja. Nakumbuka watu wazima walibaki wamekaa gizani wakisubiri, hadi mwenye banda akaapa kwamba hana kanda nyingine.

Na leo! Ferdinand, mpiga video za harusi, mwenye kamera inayoruka, amebandika bango mbele ya studio yake. MSHENGA AMEFIKA 2. Picha ni ya kijana fulani wa Mbeya anayechekesha kwenye simu. Amemvalisha mabuti. Na miwani ya jua.

Miwani ya jua. Mshenga.

Sikula mchana. Nimeamua Sehemu ya Pili nitaipiga mimi, na mshenga atakuwa mwenyewe, Mzee Ambilikile wa Ikinga, au isipigwe kabisa. Mswada ninao tangu mwaka wa tatu chuoni. Kurasa tisini na nne. Nyuma ya ule mlango nimeweka mapacha, wakili na ajali ya lori.

Mama mdogo Jenista, ambaye duka la fotokopi ni lake na wali ninaokula ni wake, alisikiliza mpango wote. Kisha akasema nina digrii ya sanaa za maonyesho na nimeshindwa kubadilisha wino wa mashine. Kweli. Mteja wa Zambia alisimama hapo nusu saa akinisalimia kwa Kibemba, mulishani, mulishani, na mimi namtazama kama ukuta.

Jumanne, 5 Agosti

Uchunguzi. Mzee Ambilikile hapokei simu za watu wa filamu. Amekataa wa Mbeya, amekataa wa Dar es Salaam. Ferdinand alikwenda mwenyewe mwezi wa sita akaachiwa mbwa. Alipanda mti wa parachichi akiwa na begi la kamera mgongoni. Habari hii nimeisikia kwa watu watatu, na kila aliyesimulia mti ulizidi kurefuka.

Kosa lao ni moja. Wamemwomba kama watu wanaotafuta fundi. Huyu ni mshenga! Anaombwa kwa lugha ya kishenga.

Wazo lilinijia saa tano asubuhi nikipanga karatasi, nikalazimika kukaa chini. Nitamwandikia ombi langu kwa utaratibu wote wa barua ya posa. Bahasha nzuri. Leso nyeupe mpya, imefungwa fundo. Mjumbe nadhifu, mikono miwili. Mzee akiona leso tu ataelewa. Atacheka. Atasema hatimaye kumezaliwa mtu anayeijua kazi yangu.

Mjumbe ni Wiliam, mtoto wa mama mdogo. Anafanya kazi za forodha na kesho anakwenda Isongole, atapita Ikinga. Ni mpole kiasi kwamba mbu akimuuma anasogea kumpa nafasi. Nilimwambia avae suti. Akauliza suti ya nini kwa kupeleka barua. Nikamwambia ni heshima kwa sanaa. Akasema, "Sawa, dada Atu." Huwa anasema hivyo kwa kila jambo. Natamani dunia nzima ingekuwa Wiliam.

Jumatano, 6 Agosti

Barua imefika! Mzee hakuwepo, alikuwa shambani. Ilipokelewa na kaka yake mkubwa, Mzee Nsajigwa, ambaye Wiliam anasema ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto. Alipoiona leso alivua kofia. Hakuifungua. Alisema jambo la namna hii halifunguliwi na mtu mmoja.

 Heshima iliyoje!

Halafu wakamkalisha Wiliam kitako, wakampa ndizi na maziwa, wakamuuliza maswali. Anafanya kazi gani. Anasali wapi. Wazazi wake wanaishi vipi. Pombe anakunywa? Ana miguu mizima? Watu wa Ikinga wana utu wa ajabu. Mjumbe tu, na wanataka kujua mpaka afya yake.

Nilimuuliza kama alimwona mtu mwingine muhimu kwa filamu. Akasema alikuwepo binti wa mzee, Gwantwa, mwalimu, ndiye aliyemletea maji ya kunawa. Baada ya hapo akanyamaza. Hadi usiku hajasema neno jingine. Uchovu wa barabara.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee Nsajigwa amepiga simu. Tuje Jumamosi saa nne, tuje na mtu mzima wa kutusemea. Ukoo umeitwa. Wengine wanatoka Itumba.

Ukoo mzima! Kwa ajili ya filamu! Nilitoka nje ya duka nikasimama kati ya malori nikivuta pumzi. Kumbe si mimi peke yangu niliyeachwa gizani kwenye benchi. Kuna milima mizima ya watu wanaosubiri ule mlango ufunguliwe.

Mchana Ferdinand alikuja kutoa nakala za mikataba. Alinipiga kijembe mbele ya wateja. "Atu, wewe nenda tu, ila vaa raba. Parachichi lile tawi la chini limevunjika." Nilimwambia kwa utulivu kwamba sisi tumeandaliwa kikao cha ukoo.  Nikamtolea nakala zote ubavu ubavu, si kwa makusudi.

Nimemwomba mama mdogo awe mtu mzima wetu. Amekubali kwa sharti kwamba Jumatatu nitakaa dukani kuanzia saa moja bila kuugua. Sikumweleza habari za leso. Ni jambo la kisanii. Asingeelewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa mpangilio. 

Tulifika saa nne. Uani moto, sufuria tatu, mbuzi keshachinjwa. Mikeka imetandikwa. Wanawake walipiga vigelegele Wiliam aliposhuka garini na suti yake. Nikawaza: wanajuaje kwamba nimepanga yeye awe mpiga picha wangu?

Mama mdogo alitazama vigelegele, akatazama suti, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana barua ilipelekwa ndani ya nini. Nikamwambia leso nyeupe. Akafumba macho. Akasema jina la Yesu, kisha jina langu, na jina langu alilisema kwa uchungu zaidi.

Mlangoni Mzee Nsajigwa alishika ungo. Simu zote ndani ya ungo, alisema, posa si mambo ya kurusha mitandaoni. Posa! Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufika, lakini miguu ilikuwa imeshaingia. Kamera yangu ilikuwa kikapuni, chini ya ndizi za zawadi. Niliiwasha tukivuka kizingiti, nikaiegesha jicho likichungulia kati ya ndizi. Kamera si simu.

Ndani tulikuwa ishirini na sita. Nilihesabu kwa sababu ya hofu. Kwenye kona kuna kigoda kitupu hakuna anayekikalia. Na karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, alikaa yeye. Mzee Ambilikile. Amekonda. Nywele nyeupe. Nilitaka kupiga magoti na nikapiga, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu bila kunitazama. Alikuwa anamtazama Wiliam kama mtu anayekagua punda.

Gwantwa aliingizwa, kitenge kichwani. Wiliam alimwona akakanyaga kiatu chake mwenyewe.

Bahasha ikafunguliwa. Mpwa mmoja msomi akasoma kwa sauti. "Kwa heshima na taadhima, tumeona ua katika nyumba hii." Wazee wakaitikia mmm. "Ua hilo limefungiwa ndani miaka ishirini na moja." Gwantwa ana miaka ishirini na sita. Wazee wakatazamana. "Tunaliomba litoke, tulipige kwa kamera moja au mbili."



Msomi akageuza karatasi kutafuta kama kuna nyingine. Akamalizia: "Tunamposa Mzee Ambilikile, kwa ajili ya Sehemu ya Pili."

Nimewahi kusoma vitabu vingi juu ya ukimya jukwaani. Hakuna kinachofanana na ule. Mzee Nsajigwa alisimama. Akasema kwa ile sauti ya ng'ombe ng'ambo ya mto kwamba mbuzi amekufa. Mbuzi amekufa, watu wametoka Itumba, mashemeji wameacha kahawa juani, ili mdogo wake aposwe na mtoto wa kike mwenye miwani! Tukatozwa faini pale pale. Jogoo mmoja na sukari kilo mbili. Mama mdogo aliomba radhi kwa niaba ya Tunduma nzima. Wiliam akasema taratibu kwamba kama ni kuposa yeye yuko tayari. Hakuna aliyemsikia, isipokuwa Gwantwa, aliyeangalia chini.

Nikatazama dirishani. Mzee Ambilikile hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni.

Nikajua nimeiua. Si Sehemu ya Pili tu. Hata ya kwanza. Kila akikumbuka filamu ile ataikumbuka kwa aibu hii, na ni mimi niliyeibeba mpaka ndani ya nyumba yake.

Ko, ko, ko.

Mlango wa mbele. Vidole vikavu.

Mwili wangu ulijua kabla yangu.   Nikatumbukiza mkono kwenye ndizi, nikaipata kamera, nikabonyeza kwa nguvu zote.

Bibi Ketrina, mkewe Mzee Ambilikile, ambaye mwaka ule alikuwa akiwapikia wapiga filamu ugali, aliuliza bila kunyanyuka, "Nani huko?"

Na ikaanza kutoka nje, ile sauti, imekwaruzika lakini ni ile ile. Kwanza aliusalimia mlango. Akazisalimia bawaba. "Hamjambo bawaba? Bado mnalia? Hata mimi, magoti." Akauliza mbona wenyeji wamechelewa kufungua.

"Tulikuwa tunavaa," akajibu Bibi Ketrina.

"Miaka ishirini na moja?"

"Ni harusi, baba. Hatuendi kisimani."

Nyumba ikapasuka. Sijui nani alifungua. Akaingia na lile koti. Lile lile! Na mabuti. Miaka ile alikuwa akichechemea kwa kuigiza. Leo goti ni bovu kweli, na yeye akaigiza mtu anayeigiza kuchechemea, akatukonyeza tujue, nasi hatukujua tucheke au tulie. Alisalimia kila mtu kwa jina, mmoja mmoja, na kila mmoja alimtajia kosa lake. Mama mdogo Jenista alisalimiwa kama balozi wa nchi jirani. Mbuzi alisalimiwa ndani ya sufuria na kupewa pole ya safari.

Kisha akafika kwenye kile kigoda kitupu.

Alivua kofia. Baadaye Gwantwa alinieleza. Siku ile ya mwaka 2004, upande wa pili wa mlango alikuwa amesimama Zabron, rafiki yake, aliyekuwa acheze baba wa binti. Mkono tayari kwenye komeo. Mwanga ukaisha, wakakubaliana wamalizie baada ya mavuno. Zabron akafariki kabla ya mavuno, na kigoda chake hakijakaliwa tena.

"Zabron," akasema mshenga. "Umenisimamisha sana mlangoni."

Akasubiri. Akasubiri muda ule ule ambao mtu angetumia kujibu. Akatikisa kichwa, akashtuka kidogo, akageuka kututazama sisi, akarudi kwenye kigoda. "Hayo usiyaseme mbele ya watoto."

Bibi Ketrina alicheka huku machozi yanamtiririka. Na Mzee Nsajigwa, aliyetoka kunitoza faini, akaanza kushuka kwenye benchi. Taratibu. Kama gunia lililotobolewa.

Nilimwona Baba. Sina namna nyingine ya kuandika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda ibadani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuikata filamu yangu. Niliwaza maandishi ya mwanzo, meupe juu ya weusi.

Saa nane mchana nimefungua kamera.

Nilikuwa nimeiwasha mlangoni. Ilikuwa inarekodi muda wote. Nilipobonyeza kwa nguvu zote, niliizima.

Ninazo dakika hamsini na mbili za ndizi na ungo wa simu. Ninayo barua yangu ikisomwa, kila neno. Ninayo faini. Mwishoni kabisa inasikika ko, ko, ko. Mara tatu tu. Halafu kidole gumba changu. Halafu weusi.

Nimeitazama sehemu hiyo mara arobaini. Imeishia pale pale ilipoishia ile ya kwanza.

Nilimpigia Mzee Nsajigwa, akampa simu Mzee Ambilikile. Niliomba, nililia kidogo, nilisema dakika kumi tu zinatosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mshenga amebisha, amefunguliwa, amekula mbuzi. Kumtoa nje abishe tena ni kumwonea. Akasema, "Uliingia naye, mwanangu. Ulikuwepo." Akanikumbusha jogoo awe mwekundu.

Hakuuliza mswada wangu unasemaje. Nimeusoma tena jioni. Ajali ya lori. Wakili. Mimi ningemweka wakili mahali pa kile kigoda.

Jumatatu, 11 Agosti

Dukani saa moja, kama nilivyoahidi. Ferdinand alikuwa wa kwanza kuingia. Hakuwa na karatasi yoyote ya kutoa nakala. Alikuwa na habari zote za leso na alikuja kuzifaidi. Aliuliza kama nimemwoa mzee au bado tunajadiliana mahari.

Sijui kwa nini nilimweleza. Nilianzia kwenye ko, ko, ko. Ferdinand aliacha kucheka. Akaketi juu ya katoni la karatasi. Nilipofika kwenye kigoda akaomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama koti ni lile lile au ni la kushona upya. Lile lile, nikasema. Kola imeliwa upande wa kushoto. Akasema ndiyo, ndiyo, kushoto.

Kumbe naye alikuwepo bandani mwaka ule. Hakuwa na kiingilio, alipenya dirishani akatazama amesimama. Anakumbuka mtu mmoja mrefu aliyedondoka kwenye benchi kwa kicheko. Nikamwambia yule alikuwa Baba.

Tukakaa, watu wawili wazima kati ya mashine mbili za fotokopi. Mteja aliingia, akatuona, akatoka.

Jioni nilipita mbele ya studio. Amebadilisha bango. Ametoa miwani ya jua.

Alhamisi, 14 Agosti

Juzi Wiliam alipeleka faini Ikinga. Jogoo mwekundu na sukari. Alikaa huko kwa muda wa saa sita. Amerudi na namba ya simu ya Gwantwa na kikapu cha maparachichi, na anatabasamu hata akizungumza na madereva wa malori.

Jana usiku alimweleza mama yake kwamba anataka kuposa kweli. Mama mdogo alifurahi, akasema atafutwe mshenga, mtu yeyote mwenye akili timamu, yaani si Atuganile. Wiliam akakataa, akanitaka mimi. Alisema wakwe wananijua, na mzee mwenyewe amesema bila yule mtoto mwenye miwani nyumba itakuwa baridi. Mzee amesema hivyo! Nilimwomba Wiliam arudie mara tatu.

Nikaapishwa mezani, mkono juu ya Biblia ya mama mdogo. Jambo moja. Barua moja. Bila sinema. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Kisha nikakaa chumbani nikatafakari kwa kina yote niliyojifunza. Nimejifunza kwamba kicheko hakiombwi kwa ujanja. Nimejifunza kwamba desturi za watu si mapambo ya kufungia bahasha. Nimejifunza kwamba kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona kilitokea mara moja, mbele ya watu ishirini na sita, na kwamba inatosha.

Halafu nikafikiri: ukoo wote utakaa tena. Mlango utakuwa ule ule. Mzee safari hii atakuwa ndani, upande wa Zabron, mkono kwenye komeo. Na mshenga wa nje, mwenye kubisha, ni mimi.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimempa dereva wa gari la Itumba mzigo awafikishie wakwe. Ndani kuna barua ya Wiliam, ukurasa mmoja, mwandiko wangu bora. Nyuma yake kuna kurasa mia moja na kumi na mbili za Sehemu ya Tatu. Wakili nimemtoa. Leso haikutosha kufunga, nimetumia kitenge. Saa hizi gari limeshakata kona ya Mpemba.